GB Nne Hazitoshi

Jumatatu saa nne asubuhi kompyuta yangu iliganda nikiwa nimefungua mdomo. Upande wa pili, kijana wa chuo aliyekuwa akinipima mtandao aliona sura yangu imesimama hivyo hivyo, meno nje, na mimi nikawa nasikia sauti yake ikiita, "Mama? Mama, upo?" Nipo! Nikapiga kelele kwamba nipo, nikagonga vitufe, nikagonga na meza. Feni ya mle ndani ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga, kisha ikanyamaza ghafla na kioo kikawa cheusi.

Halikuwa jambo la mchezo. Alhamisi ya wiki ile, saa tatu asubuhi, nilitakiwa kutetea tasnifu yangu ya uzamili mbele ya jopo la watu wanne, kwa njia ya video, mimi nikiwa nyumbani kwangu Bariadi na wao wakiwa huko waliko. Miaka sita nimesoma kwa masafa, huku nafundisha, nalima na kuuguza. Muda nilishaongezewa mara mbili. Barua ya mwisho ilisema bila kuuma maneno: usajili unaisha mwisho wa mwezi, jopo halitaitwa tena, na mtahiniwa atakayekatika hewani zaidi ya dakika kumi utetezi wake umevunjika. Kwa hiyo kama ile mashine ingezima Alhamisi kama ilivyozima Jumatatu, miaka sita ilikuwa imekwenda na maji.

Kijana alinipigia simu.

"Pole, mama. Kompyuta yako memori yake ni ndogo. GB nne. Hii programu ya video peke yake inakula karibu yote, na hapo slaidi hujafungua. GB nne hazitoshi. Ongeza ziwe nane."

"Naongezaje? Napakua?"

"Hapana, mama, ni kifaa. Fundi anafungua kasha, anakichomeka ndani, basi. Dakika tano."

"Na nikiazima kompyuta nyingine?"

"Uliyoisajili ndiyo hiyo hiyo. Muda wa kubadilisha ulifungwa Ijumaa. Jumatano saa sita mchana nakupima mara ya mwisho. Ikipita, tunaonana Alhamisi."

Kwenye mdomo wake ilikuwa kazi ya dakika tano. Kwangu ilikuwa ni kumkabidhi mtu bisibisi afungue kitu pekee nilichokitegemea, siku tatu kabla ya siku yenyewe.

Tena mimi na mafundi hatuivi chungu kimoja, nasema wazi. Niliwahi kupeleka redio ya sola, ikarudi na betri ya mtu mwingine, iliyokwisha. Mwalimu mwenzangu alipeleka kompyuta ya mapajani iongezwe memori, ikarudi na ndogo kuliko ile iliyoondoka nayo nyumbani, akaja kujua baada ya miezi huku ameshamshukuru fundi na kumsifia mtaani. Sasa mimi, mwenye ulimi huu, mtu akinifanyia hivyo siku tatu kabla ya utetezi, si nitamuua wakaninyonga?

Nilikaa pale mezani nikiitazama ile mashine. Iko sebuleni, kwenye kona, na mwezi ule sebule yenyewe ilikuwa haina nafasi hata ya kugeuka. Pamba ilikuwa imerundikwa kuanzia dirishani mpaka karibu na dari, kwa sababu msimu wa kununua ulikuwa haujafunguliwa na kuilaza pamba nje ni kuwaita wezi kwa majina. Huku kwetu hilo halimshangazi mtu. Mgeni akija wakati ule anakalia kiti kimoja kilichobaki na kuilaza mikono yake juu ya pamba. Mimi nilikuwa nimebakiziwa meza, kiti na kinjia cha kupita upande upande.

Mume wangu aliingia kutoka zizini akanikuta nimeshika kichwa. Nikamweleza.

Yeye ni mkulima na mfugaji, na hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Alipofika umri wa shule baba yake alimpa ng'ombe awachunge, na kaka yake ndiye akapelekwa kusoma. Kwenye karatasi za ushirika anaweka dole gumba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha darasa la kwanza na la pili kusoma na kuandika, na tasnifu yangu ilihusu hilo hilo: jinsi ya kumfundisha kusoma mtoto ambaye nyumbani anazungumza Kisukuma tu. Watu wakisikia hivyo huwa wanatabasamu kidogo wakimtupia yeye jicho. Naye hutabasamu pamoja nao.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Yaya," akasema, maana yake hapana. "Kitu kinachotembea hakifunguliwi. Ng'ombe akikohoa humpasui ukaangalie kifua."

"Ng'ombe! Kila kitu kwako ni ng'ombe! Hii imezima mbele ya mtu wa chuo, haijakohoa."

"Sasa hivi inawaka?"

"Inawaka."

"Basi inatembea," akasema, akaenda kunywa maji.

Nilitaka kumrushia kitabu. Lakini, haki ya Mungu, maneno yake yalinikaa. Kweli, inawaka. Na ikifunguliwa isiwake tena? Mchana ule niliamua mara tatu. Nikaamua kuongeza. Nikaamua kuacha, nitafunga programu zote, nitapunguza picha kwenye slaidi, nitaomba Mungu. Nikafungua slaidi peke yake bila video, ikachukua muda mpaka nikasahau nilifungua nini, nikaamua tena kuongeza. Saa kumi nikapanda bodaboda kwenda mjini.

Fundi niliyeelekezwa ana kibanda karibu na stendi, mtu wa Tabora, wa makamo, mpole, ana kofia ya kufuma. Nikamweleza kwa ukali kabla hajaniudhi. Akavuta droo akatoa kipande chembamba cha kijani, kirefu kama kidole cha kati, kina meno ya dhahabu upande mmoja.

"Hii hapa, mwalimu. GB nne. Ukijumlisha na zako, nane."

"Mpya?"

"Imetumika. Mpya za mashine za umri wa ya kwako hazipatikani hata Mwanza mpaka utafute. Lakini hii nzima."

"Na ikikataa kuelewana na mashine yangu?"

"Ikikataa naitoa, inarudi ilivyokuwa."

"Una uhakika?"

Akacheka. "Mwalimu, hapa hata umeme hauna uhakika. Niachie mashine mpaka kesho."

"Sikuachii hata skrubu. Utakuja nyumbani, ufungue mbele ya macho yangu."

"Sawa. Ila nije mapema. Kuna bwana mmoja wa ofisi za wilaya, Lagangabilili, ameiulizia hii hii. Mimi nampa anayewahi."

Jumanne saa mbili alikuwa mlangoni, mkoba begani, kipande kimefungwa kwenye karatasi ya rangi ya fedha mfukoni mwa shati. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni, vipindi viwili. Mume wangu alisimama kwenye mlango wa kwenda jikoni, mikono nyuma, haendi wala harudi. Nilimwambia fundi aweke kila skrubu kwenye kisosi, nikazihesabu kwa sauti kama watoto wangu wa darasa la kwanza.

Alipoigeuza mashine ili afikie skrubu za nyuma, akasimama. Akainama akachungulia. Akaingiza kidole.

"Mwalimu, nani kaziba huku?"

"Kaziba nini?"

Akavuta. Likatoka bonge la pamba. Akavuta jingine, na jingine. Kila penye matundu, nyuma na ubavuni, palikuwa pamejazwa pamba na kushindiliwa vizuri, hakuna hata upenyo wa sindano. Akayapanga mezani.

"Mashine ilikuwa inakosa pumzi," akasema. "Humu ndiko joto linakotokea. Feni inazunguka bure. Ikipata moto inajizima yenyewe isiungue. Tena Mungu mkubwa, ingeweza kuungua kabisa."

Damu ikanipanda kichwani. Nikageukia lile rundo. "Si nilisema! Pamba sebuleni, pamba sebuleni! Manyoya yanaruka yanaingia kila mahali, nala pamba, nalala na pamba..."

"Si ya kwenye rundo," mume wangu akasema. "Niliiweka mimi."

Nikafikiri sikusikia vizuri.

"Mwezi uliopita ulilalamika kwamba vumbi litaiua. Ulisema vumbi likiingia humo, shule yako imekwisha. Nikatafuta pamba safi, nikatoa mbegu, nikaziba." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza alikofunga mbuzi.

Nikatazama yale mabonge. Yalikuwa meupe kweli, hayana jani wala mbegu moja, yamechambuliwa kwa vidole. Mwezi mzima nimekuwa nikiilaani mashine kwa uzee, kumbe ni hiyo pamba. Pamba huku tunazibia kila kitu: tundu la mlango, mdomo wa chupa ya mafuta, sikio la mtoto anayeumwa. Sasa na kompyuta! Ningeweza kucheka. Fundi alikuwa tayari anaanza kucheka, kwa wema tu. Lakini mimi nilikuwa na siku mbili, na nilikuwa na hofu, na hofu kwangu hutoka kwa mlango wa hasira.

"Imeandikwa hapa!" nikapiga kelele, nikaonyesha kibandiko cha nyuma. "Imeandikwa usizibe matundu! Lakini wewe utasomaje? Utasomaje wewe, mtu ambaye hata jina lako unaliandika kwa dole gumba?"

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Fundi aliacha kucheka, akainamisha kichwa kwenye mashine kana kwamba kuna skrubu imempotea. Mume wangu alikuja mpaka mezani, akayakusanya yale mabonge ya pamba, yote, akayatia mfukoni, akatoka nje. Nikasikia lango la zizi.

Nilijua pale pale kwamba nimekosa. Sidanganyi kwamba nilikuja kujua baadaye. Nilijua, na nikasimama hapo hapo.

Fundi alipuliza vumbi, akafuta, akasafisha feni kwa brashi, akafunika. Alipowasha, mashine ikawaka bila kelele. Mwezi mzima nilikuwa sijaisikia ikiwa kimya namna ile.

"Sasa tuje kwenye memori," akasema, akagusa mfuko wa shati. "Joto ndilo lililokuwa linaizima. Kuganda ni jambo jingine, hapo GB nne zinahusika. Naweza kupachika, naweza kuacha. Uamuzi wako, mwalimu."

"Ukipachika inaweza kukataa?"

"Inaweza. Mara chache."

"Na sasa hivi inafanya kazi."

"Inafanya."

Ningesema nilipima kwa akili, ningekuwa mwongo. Ukweli ni kwamba nilitaka yule mtu aondoke. Alikuwa amenisikia. Kila alipogeuza uso niliona anamtafuta mume wangu dirishani, na mimi nikatamani sebule ibaki na pamba tu. Nikamwambia, "Acha. Imeshapona." Nikampa ujira wake, akarudisha kile kipande mfukoni akaenda zake. Nikajiambia kwamba nimefanya uamuzi wa mtu mzima.

Siku ile mume wangu alikula chakula chake nje, kwenye kigoda, mgongo ukiwa umeelekea nyumba. Nilipomuuliza kama ameshiba, akasema ndiyo. Nilipomuuliza kama ng'ombe wote wamerudi, akasema ndiyo. Mimi mwenye maneno mengi, nilikosa la tatu la kuuliza. Nikarudi kwenye slaidi zangu.

Jumatano saa sita kamili yule kijana wa chuo akanipigia kwa video. Mashine ilikuwa baridi, feni kimya, nikajiona nimeshinda. Tukaenda dakika tano, kumi. Akaniambia fungua slaidi. Nikafungua. Sura yake ikasimama. Kishale hakisogei. Sauti yake inakatika, "...ma ...sikii ...ma..." Nikashika meza kwa mikono miwili nikihesabu moyoni. Ilipopita kama dakika mbili ikajivuta, ikarudi.

"Haijazima," nikasema haraka. "Umeona, haijazima."

"Haijazima, mama. Nakupitisha, sina sababu ya kukukataa." Akasogelea kamera. "Ila leo nilikuwa mimi peke yangu. Kesho ni watu wanne, slaidi arobaini, na watataka uwaonyeshe viambatisho. Memori yako imejaa mpaka shingoni. Ungekuwa mama yangu mzazi, ningekuomba uongeze leo hii."

Akakata simu. Nikampigia fundi. Nikasema njoo, njoo sasa hivi, lete kile kipande.

"Loo, mwalimu. Nimekiuza asubuhi. Yule bwana wa Lagangabilili alikipitia."

"Nipe namba yake!"

"Sikuchukua namba. Alilipa akaondoka."

"Kingine?"

"Hapa Bariadi sina, na wenzangu pia hawana. Mwanza nikiagiza sasa, kinapakiwa kwenye basi, kinafika kesho mchana."

Kesho mchana! Nikakaa chini, kwenye pamba kwenyewe. Nililia, nasema wazi, nililia kwa sauti. Nililia na kujitukana, kwamba kipande kilikuwa humu ndani, kwenye mfuko wa shati la mtu, hatua mbili kutoka kwenye mashine, na mimi nikakirudisha kwa sababu ya aibu. Nilimwambia fundi hivyo hivyo kwenye simu, na yeye akawa anasema pole, mwalimu, pole sana, mpaka salio likaisha.

Dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia pikipiki ya mume wangu ikiwashwa uani. Nikatoka mbio. Nikaona mgongo wake tu, anashika njia ya mjini, hajaaga.

Weee, hapo nilichemka upya! Siku kama hiyo, mke wake ameketi chini analia kama mfiwa, yeye anapanda pikipiki anakwenda zake! Nikajua ameenda Mwandoya kwa kaka yake, kunilalamikia. Niliyapanga maneno ambayo ningemwambia akirudi, na yalikuwa mengi. Saa nane, saa tisa. Nikarudia slaidi zangu, nikafuta picha, nikapunguza viambatisho, kila nilichofuta nikiona ndicho watakachouliza. Saa kumi na moja nikaacha. Nikaweka maharage jikoni nikayasahau yakaungua.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama pikipiki iliporudi. Vumbi lilikuwa limemkaa mpaka kwenye kope. Nyuma yake alikuwa amempakia fundi na mkoba wake. Mume wangu akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kile kipande cha kijani, akanipa mkononi.

"Umekipata wapi?"

"Nimeomba," akasema. Akaenda kufungulia ndama.

Fundi alianza kazi papo hapo. Alipokichomeka na kuwasha, mashine ilipiga mlio mara tatu na kioo kikabaki cheusi. Akazima, akakitoa, akakisugua yale meno kwa kifutio cha penseli nilichompa kutoka kwenye mkoba wangu wa shule, akakibana tena mpaka kikalia tak. Akawasha. Ikawaka. GB nane, imeandikwa pale, nikaisoma mara mbili kwa sauti.

Alhamisi waliniweka hewani kwa saa moja na dakika ishirini. Sitaeleza yote. Waliuliza mengi, mmoja wao alikuwa na roho ngumu kama mpini, alitaka nifungue kiambatisho cha tatu, kisha cha saba, kisha turudi kwenye jedwali la mwanzo. Kila nilipobonyeza ikafunguka. Haikuganda hata mara moja. Mwishoni walinitoa kwa muda, nikabaki natazama kioo kitupu, kisha wakaniita tena na mwenyekiti akasema hongera, umefaulu, kuna marekebisho madogo. Nikasema asante. Nikasema asante mara nyingi kupita kiasi.

Mume wangu alikuwa amepeleka ng'ombe mtoni tangu asubuhi. Nikawa nazunguka nyumba sina wa kumwambia. Simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Mwalimu? Nakupigia kutoka Lagangabilili, ofisi za wilaya, namba yako nimepewa na fundi. Mimi ndiye mwenye ile memori. Vipi, ilikubali?"

Nikamwambia ilikubali, nimefaulu, Mungu akubariki, sijui hata nikushukuruje.

"Hongera sana! Usijali, mimi mashine yangu inaweza kungoja, nilimwambia mzee akae nayo mpaka kesho. Ile ni ya kuazima tu, eh?" Akacheka. "Mama, mzee wako alitutoa jasho jana. Alibisha hodi kila mlango. Jengo zima! Chini kote, kisha akapanda juu. Anaingia, anavua kofia, anaamkia, anauliza, 'Wewe ndiye uliyenunua memori ya kompyuta Bariadi?' Wanamwambia siyo, anashukuru, anabisha hodi mlango unaofuata. Mpaka kwa mkurugenzi aliingia, watu wako kwenye kikao."

Nikaibana simu sikioni.

"Mimi nikamwambia, mzee, mbona umehangaika, si fundi alikwambia ni mtu wa takwimu? Kwenye milango kuna vibao, idara zimeandikwa. Akaniambia, 'Mimi sijui kusoma. Anayejua kusoma ni mke wangu, na kesho anaulizwa na wakubwa.' Alisema mbele ya watu wote pale, mama, wala hakuinamisha kichwa. Ningemnyimaje?"

Sikumbuki tuliagana vipi. Nakumbuka nimesimama sebuleni, simu mkononi. Miaka ishirini na minane nimefundisha watoto wa watu kusoma, wengine sasa ni madaktari, na huyu mtu nimekaa naye nyumba moja miaka hiyo yote, na sijawahi hata siku moja kumwekea kitabu mbele nikamwambia, hii ni a. Nikashika njia ya mtoni na ndara zangu za ndani.

Nilimkuta amesimama kivulini, fimbo begani, ng'ombe wanakunywa. Aliponiona nakuja mbio akajua ni ya kheri au ya shari, akangoja.

"Nimefaulu," nikasema.

"Haikuzima?"

"Haikuzima."

Akaitikia kwa kichwa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na mimi nikaanza kulia.

"Yule bwana wa Lagangabilili amenipigia. Ameniambia habari za ile milango." Nikavuta pumzi. "Baba watoto, nilikukosea. Maneno niliyosema juzi mbele ya fundi, naomba unisamehe."

Alimfuata ndama mmoja kwa macho mpaka akaungana na wenzake.

"Ulisema kweli," akasema. "Ila ungesema tukiwa wawili."